Njia ya Matembezi: Historia ya Barabara ya Mall Mjini Shimla

Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo lugha nyingi huyataja kwa neno moja: kwenda kwa miguu na kutembea. Aendaye kwa miguu ana mahali pa kufika na kazi ya kufanya; huenda ana mzigo kichwani, huenda amekosa nauli. Atembeaye hana haraka. Ametoka kupunga upepo, kuwatazama watu na kutazamwa nao, kuamkiana na jamaa na kusikia habari za mji. Ijapokuwa siku hizi neno la pili limepanuka hata likashika mahali pa la kwanza, maana yake ya asili ingali hai katika maneno kama matembezi na kumtembelea mtu. Tofauti hii yafaa kukumbukwa katika kuichunguza historia ya barabara ya Mall, njia kuu ya maduka katika mji wa Shimla, kaskazini mwa Bara Hindi. Maana kwa muda mrefu watu wengi walikwenda kwa miguu katika mji ule, lakini wachache ndio waliokuwa na haki ya kutembea.

Shimla, ambao Waingereza waliuandika Simla, umejengwa juu ya migongo ya milima iliyo mbele ya Himalaya, kadiri ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Juu ya mgongo mmojawapo pana uwanja wa wazi uitwao Ridge, na mvua inyeshayo hapo hugawanyika: maji ya upande mmoja hutelemka hata mto Sutlej, na mwishowe hufika bahari ya Arabuni, maji ya upande wa pili huufuata mto Yamuna na ule wa Ganga hata ghuba ya Bengal. Chini kidogo ya uwanja huo ndipo ipitapo Mall, ikizunguka ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka sana. Chini yake tena pana Lower Bazaar, yaani Soko la Chini, lenye vichochoro na ngazi za mawe; na chini zaidi ipo Cart Road, njia ya magari. Katika mji ambao karibu kila njia yake ni mpando au mtelemko, barabara iliyo sawa ni tunu. Aliyeishika barabara hiyo aliushika mji.

Nchi hii ya milima iliingia katika mamlaka ya Waingereza kwa sababu ya vita vyao na Wagurkha wa Nepal, vilivyopiganwa tangu mwaka 1814 hata 1816. Mwaka 1819 ofisa mmoja aitwaye Ross alijenga huko kibanda cha miti na nyasi, na mwaka 1822 Charles Pratt Kennedy akajenga nyumba ya kwanza ya kudumu. Mwaka 1827 Lord Amherst, aliyekuwa Gavana Mkuu, alikwenda kukaa huko wakati wa joto. Na mwaka 1830 ardhi ya mji ilipatikana kwa mapatano na watawala wa Patiala na wa Keonthal. Mambo yalikwenda kwa haraka. Mwezi wa Oktoba 1838 Lord Auckland alitoa kutoka mlimani hapo tangazo la vita juu ya Afghanistan, vita vilivyowaletea Waingereza maangamizi makubwa. Dada yake, Emily Eden, aliyefuatana naye, aliandika barua nyingi zilizochapishwa baadaye kuwa kitabu. Katika mojawapo alistaajabu jinsi Wazungu mia na watano walivyokuwa wakila, wakicheza na kusikiliza muziki katikati ya watu wa milimani wasiopungua elfu tatu, ambao hawakufanya neno ila kuwatazama na kuinama kwa heshima. Mwanamke huyo aliona mapema jambo ambalo watawala wengi hawakutaka kuliona: matembezi yale yalisimama juu ya uvumilivu wa watu wengine.

Mwaka 1864 John Lawrence, Makamu wa Mfalme wa wakati huo, alipata idhini ya kuufanya Shimla kuwa makao rasmi ya serikali wakati wa joto. Tangu hapo, kila mwaka ulipoingia mwezi wa Aprili au karibu yake, serikali nzima ilifunga mizigo yake Calcutta na kusafiri zaidi ya kilomita 1,600, ikarudi baada ya mvua kwisha. Makatibu, makarani, mafaili, samani na vyombo vya mezani vilichukuliwa kwa reli hata tambarare, kisha kwa magari ya ng'ombe, kwa ngamia, na kwa migongo ya watu. Hata baada ya mwaka 1911, lilipotangazwa shauri la kuuhamishia mji mkuu Delhi, desturi hiyo iliendelea. Reli nyembamba ya kutoka Kalka, yenye urefu wa kilomita 96 na matundu ya mlimani zaidi ya mia, ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1903. Ilipunguza taabu ya safari, lakini haikuiondoa kazi ya wapagazi, kwa kuwa treni ilikoma chini ya mji, na mizigo ilipaswa kupandishwa.

Jina la Mall lina historia yake. Asili yake ni mchezo wa Kiitaliano ulioitwa pallamaglio, wa kupiga mpira kwa nyundo ya mti, ambao ulifika Ufaransa na Uingereza na kuhitaji njia ndefu iliyonyoka na kusawazishwa. Katika karne ya 17 njia ya mchezo huo ilitengenezwa katika bustani ya St. James's mjini London. Mchezo ulipopotea, njia ikabaki kuwa mahali pa wakubwa kutembea, na jina likabaki na njia. Waingereza walipoitawala Bara Hindi walilichukua jina hilo na kulipa kila njia kuu ya matembezi katika miji yao ya milimani na katika kambi zao za askari. Hivyo hata jina lake lilitangulia kusema kazi ya barabara hii: haikutengenezwa hasa kwa kupitisha bidhaa, bali kwa watu kuonana.

Kwa sababu hiyo magari yalizuiliwa. Enzi za magari ya farasi, na baadaye za motokaa, ni watu watatu tu waliokuwa na haki ya kupita na gari katika Mall: Makamu wa Mfalme, Mkuu wa Majeshi na Gavana wa Punjab. Wengine wote, hata wawe na cheo gani, walikwenda kwa miguu, au kwa farasi, au walichukuliwa na binadamu. Kwanza kilitumika kiti cha kuchukuliwa mabegani, ambacho Mswahili angekiita machela. Baadaye, karibu na mwaka 1880, ilikuja rickshaw, gari dogo la magurudumu mawili lililobuniwa Japani. Mahali penye tambarare mtu mmoja hutosha kuivuta. Shimla, kwa ajili ya milima, ilihitaji watu wanne, wawili wakivuta mbele na wawili wakisukuma nyuma. Watu hao waliitwa jhampani. Nyumba za wakubwa ziliwavika sare zenye rangi zao, hata mpita njia akajua mwenye gari kwa kutazama nguo za wavutaji kabla ya kuuona uso wa aliyekaa ndani.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mombasa nako, tangu miaka ya 1890, palikuwa na vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu, na mabwana wakiketi chini ya kivuli chake. Na katika siku za mwanzo za Nairobi rickshaw zilivutwa mitaani. Lugha imeitunza mishikamano hiyo ya bahari mbili. Gari ni neno lililotoka Bara Hindi. Duka asili yake ni Kiarabu, dukkan, ambalo ndilo dukan la Wahindi, kwa hiyo mwenye duka wa Mall na mwenye duka wa Mombasa walifungua mlango kwa neno moja. Yaya, mlezi wa watoto, ametokana na aya wa nyumba za Wazungu wa Bara Hindi, nalo neno hilo lilitoka kwa Wareno. La kutazamwa zaidi ni kuli. Wako wanaosema lilitoka katika neno la Kitamil lenye maana ya ujira, na wako wanaosema lilitoka katika jina la watu wa kabila la Koli wa Gujarat. Ye yote awaye mwenye haki katika shauri hilo, neno lilienea kwa meli pamoja na watu walioitwa kwalo. Wakati ule ule reli ya Kalka ilipokuwa ikipasuliwa milimani, wafanya kazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wa Punjab, walikuwa wamepelekwa kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria. Na serikali ya Punjab wakati wa joto ilikaa Shimla. Yamkini karani aliyesaini karatasi zao jioni yake alitoka kupunga upepo katika Mall.

Maduka ya Mall yalifuata tabia ya barabara. Hapo mwanzo soko la wenyeji lilikuwa juu, karibu na Ridge penyewe, nalo liliwachukiza Wazungu waliopenda kutazama milima yenye theluji bila kupita katikati ya wauza nafaka na wafua vyuma. Katika miaka ya 1870 moto ulipoliteketeza soko hilo la juu, halikuachwa lisimame tena mahali pake. Biashara ya wenyeji ilisukumwa chini, na mahali pale pakawekwa majengo ya mji na maduka ya namna ya London: ya washona nguo, wauza saa na vito, wapiga picha, waoka mikate, wauza vitabu na dawa. Mafundi wa viatu wa Kichina nao walijipatia nafasi, wakasifika kwa kazi yao. Hivyo mlima ukawa na daraja zake. Juu walikaa wanunuzi wa kofia na lulu. Chini, hatua chache kwa ngazi, walikaa wauza dengu, unga, mafuta na blanketi. Kipling, aliyekuja Shimla katika miaka ya 1880 akiwa mwandishi wa gazeti la Lahore, alilieleza soko hilo katika riwaya yake iitwayo Kim, iliyotoka mwaka 1901: jinsi lilivyopanda kutoka bondeni hata jengo la manispaa, likiwa na njia za siri nyingi hata polisi wasiweze kumpata humo mtu mwenye kuzijua. Aliona vema kuwa pale palikuwa na miji miwili, na kwamba ule wa chini ulikuwa na akili zake wenyewe.

Katikati ya Mall lilijengwa jumba kubwa kwa ramani ya Henry Irwin, ambaye ndiye aliyeijenga pia nyumba ya Makamu wa Mfalme iliyokwisha mwaka 1888. Ndani ya jumba hilo mlikuwa na ukumbi wa mchezo uitwao Gaiety, uliofunguliwa mwezi wa Mei 1887. Watawala wenyewe ndio waliocheza, na watawala wenyewe ndio waliotazama. Jengo lilikuwa zito mno kwa ubavu wa mlima, na baada ya miaka kama 25 ghorofa zake za juu zilibomolewa kwa hofu ya kuanguka. Ukumbi wa mchezo ukabaki, nao ungaliko. Kanisa la Christ Church, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1844, lasimama mwisho wa Ridge na kuonekana kutoka mbali. Kati ya kanisa, posta, ukumbi wa mchezo na maduka, atembeaye aliweza kuyapata katika muda wa nusu saa mambo yote ambayo mji wa Kiingereza huhitaji ili ujione kuwa ni mji.

Ni nani basi aliyezuiliwa? Husemwa sana, hasa na wanaowaongoza wageni, kwamba Wahindi wote walikatazwa kukanyaga Mall. Usemi huu wahitaji kusahihishwa, si kwa ajili ya kuwatetea waliotawala, bali kwa sababu ukweli wafundisha zaidi. Wafalme wa Kihindi walipita, na wengi wao walikuwa na majumba mjini. Makarani wa serikali walipita kwenda kazini na kurudi. Wafanya biashara wenye mali walipita na hata walimiliki nyumba zilizopangishwa na Wazungu. Waliokatazwa ni wapagazi wenye mizigo na watu wenye nguo zilizochakaa, na walikatazwa zaidi saa za jioni, yaani saa za matembezi. Kwa hiyo mpaka haukuwekwa kati ya rangi na rangi peke yake. Uliwekwa kati ya wenye nafasi ya kutembea na wale waliokwenda kwa miguu kwa sababu ya kazi. Amri ya namna hiyo yaonekana kuwa ndogo kuliko katazo la watu wote, lakini ilikuwa na werevu mbaya zaidi, kwa kuwa ilimpa Mhindi mwenye koti zuri sababu ya kujitenga na Mhindi mwenye kamba ya mizigo. Tena mpagazi hakufukuzwa mjini. Alitakiwa sana, ila alitakiwa asionekane. Mkaa, maji, piano na kabati vilipaswa kufika nyumbani. Aliyevileta alipaswa kupita njia nyingine.

Mahali Mall inapokutana na njia ya kwenda Ridge huitwa Scandal Point, maana yake mahali pa kashfa. Hadithi yake husimuliwa kila siku: kwamba Bhupinder Singh, Maharaja wa Patiala, alimtorosha hapo binti wa Makamu wa Mfalme, na kwa ajili hiyo akafukuzwa Shimla, akaenda kuujenga mji wake wa Chail ili awatazame Waingereza kutoka juu. Wengine humtaja binti wa Lord Curzon. Hesabu ya miaka haikubali. Curzon alitawala tangu 1899 hata 1905. Binti zake walizaliwa mwaka 1896, 1898 na 1904, kwa hiyo alipoondoka mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka kumi. Bhupinder Singh mwenyewe alizaliwa mwaka 1891, na wako wasimulizi wanaolitia tukio katika mwaka 1892, alipokuwa mtoto wa kunyonya. Lililo hakika ni kwamba baba yake, Rajinder Singh, alimwoa Florence Bryan, mwanamke wa Kiayalandi, mwaka 1893, na ndoa hiyo iliwaudhi watawala. Huenda hadithi ilijishika katika mche huo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba njia panda ile ilikuwa mahali pa watembeaji kusimama na kusengenya. Hata hivyo hadithi isiyo ya kweli yaweza kuwa ushahidi wa jambo la kweli. Wasimulizi wa mji walipotaka kueleza jinsi ya kuishinda barabara ile, hawakubuni vita wala mahakama. Walibuni Mhindi aliyepita katika Mall saa ya matembezi na kuchukua kilichokuwa kikilindwa kuliko vyote.

Vita vya kweli vilipiganwa juu ya mizigo. Katika tawala ndogo za milimani kuzunguka Shimla palikuwa na desturi iitwayo begar, ya kuwatoa wanakijiji wabebe mizigo na watengeneze njia kwa malipo duni au bila malipo. Watawala wa kienyeji walikuwa nayo tangu zamani. Waingereza wakaipanua kwa safari zao za kuwinda na za serikali, na njia ndefu ya kwenda Tibet, iliyoanzwa mwaka 1850, ilijengwa kwa jasho hilo. Msafiri alipofika kituoni wakati wa mavuno, mavuno yalisimama. Huko Kotgarh aliishi Samuel Evans Stokes, Mmarekani wa Philadelphia aliyefika Bara Hindi mwaka 1904, akaoa huko na kulima. Yeye pamoja na wanakijiji waliongoza upinzani juu ya begar katika miaka ya 1920 na 1921, wakikataa kutoa wapagazi hata desturi ilipovunjwa katika sehemu zile. Mwezi wa Desemba 1921 Stokes alifungwa kwa ajili ya kushirikiana na harakati za kujitawala. Leo jina lake hutajwa zaidi kwa ajili ya matofaa ya Kimarekani aliyoyapanda Kotgarh, ambayo yamekuwa mali kubwa ya nchi ile; lakini mwanakijiji hangaliweza kuitunza bustani yake ikiwa kila msafiri angaliweza kumwondoa shambani ili amchukulie mzigo.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule wa 1921 Gandhi alifika Shimla mara ya kwanza, kuonana na Lord Reading. Baadaye aliandika katika gazeti lake kwamba serikali iliyokaa mlimani pale ilifanana na mwenye duka aliyeliweka duka lake katika ghorofa ya mia tano, akitaka wanunuzi wapande kumfuata. Mfano wa duka ulifaa kwa mji ule. Watawala walizoea kuuona urefu wa mlima kuwa ni afya na heshima. Gandhi aliupima urefu huo kwa miguu ya mwenye shida. Wajerumani nao walikuwa wamejenga mji wao wa baridi katika milima ya Usambara, wakauita Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Na po pote palipojengwa mji wa namna hiyo swali lilikuwa ni lile lile: mtawaliwa apande ngazi ngapi kabla ya kusikilizwa?

Uhuru ulipopatikana tarehe 15 Agosti 1947, Punjab iligawanywa. Waislamu wengi wa Shimla waliondoka kwa hofu na kwa kumwagika kwa damu, na wakimbizi kutoka magharibi wakaingia wakatafuta vibanda na maduka. Mji ukawa makao ya muda ya serikali ya Punjab ya Mashariki hata Chandigarh ulipokuwa tayari mwaka 1953. Mwaka 1966 ulitiwa katika Himachal Pradesh, na tarehe 25 Januari 1971, Himachal ilipokuwa jimbo kamili, Shimla ukawa mji wake mkuu. Nyumba ya Makamu wa Mfalme ilifanywa chuo cha utafiti, kilichofunguliwa mwaka 1965. Penye Scandal Point ikasimamishwa sanamu ya Lala Lajpat Rai, mpigania uhuru wa Punjab aliyefariki mwezi wa Novemba 1928, siku chache baada ya kupigwa na polisi katika maandamano mjini Lahore. Sanamu hiyo ilikuwa Lahore, ikaletwa Shimla mwaka 1948. Kwa hiyo nayo ni mkimbizi. Mkono wake mmoja umeinuliwa, na umati wa jioni hupita chini yake: maharusi kutoka Delhi, watoto wenye aiskrimu, wazee wa mji walioketi kando, wanafunzi wanaotoka mkahawani.

Hapo ndipo lilipo jambo la kushangaza katika historia ya barabara hii. Uhuru haukuifuta sheria ya kuzuia magari. Ilikuwa rahisi kusema kwamba kilichokatazwa na wakoloni kifunguliwe kwa wote, na kila mwenye motokaa apite. Miji mingi ilifanya hivyo, na njia zao za matembezi zikageuka kuwa njia za moshi. Shimla haukufanya hivyo. Katazo lililowekwa ili wakubwa watembee bila kusumbuliwa na wadogo likawa kinga ya mdogo asiye na gari. Mwaka 2007 jimbo lilipitisha sheria mahsusi juu ya waendao kwa miguu na watumiao njia za Shimla, ikieleza ni njia zipi zilizofungwa na ni nani awezaye kupewa kibali. Lakini kibali ndicho palipojificha mbegu ya zamani. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto hayana mpinzani. Ila maofisa na wenye vyeo nao huomba, na wengi hupewa, hata shauri la vibali limefika mahakamani mara kwa mara. Watu watatu wa zamani wamezaa wengi. Anayetaka kujua kama utawala umebadilika tabia, au umebadilisha wenyewe tu, na asihesabu sanamu. Na ahesabu vibali.

Wala mpagazi hajaondoka. Kwa kuwa magari hayapiti, mtungi wa gesi, gunia la saruji na sanduku la mgeni bado hupanda kwa mgongo wa mtu. Wengi wa wapagazi ni Waislamu wa Kashmir, ambao mji huwaita kwa jina la Khan. Hufunga mzigo kwa kamba, huinama, na hupanda ngazi kutoka Cart Road kwa hatua fupi zisizokatika. Hakuna askari awafukuzaye katika Mall jioni. Hiyo ni tofauti kubwa na isidharauliwe. Lakini atembeaye humpisha mpagazi bila kumtazama, na lifti iliyotengenezwa kuwapandisha watu kutoka Cart Road haikutengenezwa kwa ajili ya mizigo yake.

Mji wenyewe sasa ni mzito kwa mlima. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha wakazi 169,578, bila kuwahesabu wageni wajao kila mwaka kuikimbia joto ya tambarare kama walivyofanya maofisa wa Calcutta. Chini ya uwanja wa Ridge kuna birika kubwa la maji lililojengwa na Waingereza katika karne ya 19, na watembeaji hupita juu yake bila kujua. Mwezi wa Mei na Juni mwaka 2018 maji yalikosekana hata wakazi wakasimama safu usiku wakiyangoja magari ya maji, na wageni wakaombwa wasije. Kwa siku hizo chache barabara ya Mall ilibaki na wenyeji wake, wengi wakiwa na ndoo.

Tukio hilo laeleza kwa nini historia ya njia ya maduka si jambo dogo la kuachiwa vitabu vya wasafiri. Barabara iliyo sawa juu ya mlima haikujitengeneza. Ilichongwa kwa mikono, ikalindwa kwa amri, na kila kilichouzwa humo kilipandishwa na mtu. Kupanuka kwa neno kutembea, hata likamhusu kila aendaye kwa miguu, kwaweza kuonekana kuwa ni upotevu wa tofauti nzuri katika lugha. Shimla ulihitaji kadiri ya miaka mia kuipanua njia kwa namna hiyo hiyo, na hata sasa mwenye kamba ya mizigo hajaingia kikamilifu katika maana mpya ya neno.